Injini Iliyolia Kama Kengele ya Ngamia

Nakiri kabla hamjaniuliza, ndugu zangu: aibu iliyonipata Balambala niliinunua mwenyewe, ndani ya dumu la manjano kando ya barabara, baada ya mjukuu wangu Hodan kunionya kwa adabu zote. Yeye ndiye anayeandika maneno haya, kwa kuwa mimi shule sikuiona, na Kiswahili changu nilikiokota kwa wachinjaji wa bara katika soko la mifugo la Garissa, ambako nimekuwa dalali wa ngamia tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. (Andika hivyo hivyo, Hodan, wala usinipambe.)

Kaka yake Hodan, Abdi, alikuwa amempenda Ifrah, binti wa Mzee Gedi wa Balambala, na jukumu la kumposa lilikuwa langu. Tuliwekewa siku moja, Ijumaa baada ya sala, na tulikuwa tumepata habari kwamba familia nyingine nayo ingefika siku hiyo hiyo kwa haja hiyo hiyo, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchelewa wala ya kuonekana watu wa kubahatisha. Abdi alikuwa na pikapu yake ya kusafirishia maziwa ya ngamia, gari zuri lililotoka Japani, nami nikakusudia tuingie nalo kwa heshima, mimi na rafiki yangu Dubow mbele, huku nyuma tumefunga kondoo mnono na sukari ya wenyeji wetu. Abdi mwenyewe angetushusha kisha kwenda kujificha sokoni, maana kwetu bwana harusi hajitokezi siku anayoombewa mke, na kuonekana na mama mkwe ndiyo aibu kubwa zaidi.

Asubuhi tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Hodan, ambaye tulikuwa tukimshusha karibu na hapo, akafungua kile kifuniko cha tangi, akainama akasoma.

"Awowe," akaniambia (ndivyo wajukuu wanavyoniita), "hapa pameandikwa tisini na tano au zaidi. Super ya kawaida haifiki hapo. Waambie watie ile nyingine."

"Tisini na tano ya nini?"

Mhudumu wa kituo, dada wa bara aliyeshika bomba, akajibu yeye. "Mzee, injini hubana mafuta kwa nguvu sana. Yenye nambari kubwa huvumilia kubanwa, yenye nambari ndogo huwaka kabla ya wakati wake. Hapo injini itaanza kugonga, na mwisho itavunjika."

Maneno yake yalikuwa ya kweli na yamepangika, lakini mimi nilichokiona ni wasichana wawili wakinifundisha kununua, mimi ambaye hutazama meno ya ngamia mara moja nikakwambia amezaliwa mvua zipi. Nikawaambia kwamba sijawahi katika maisha yangu kununua kitu nisichokiona wala kukinusa, na mafuta ya bomba hupita gizani kutoka ardhini hadi kwenye tangi, nani ajuaye ni nini. (Bei haikuniuma, naomba hilo lieleweke, kilichoniuma ni kiburi.) Nikavuka barabara hadi kwa muuza madumu, ambaye petroli yake huingizwa kupitia mpakani upande wa Liboi na haina nambari yoyote, nikachovya kidole, nikakisugua, nikakinusa, kama tunavyopima samli. Kidole kikakauka upesi na kuniachia ubaridi mtamu.

"Mashallah," nikasema, "hii ni safi," na kwa mazoea yangu ya samli nikakipangusa kidole kwenye ndevu.

"Awowe, gari ni langu," Abdi akanong'ona.

"Na posa ni ya nani?"

Akalichukua dumu, akamimina.

Tulipouacha mji na kuanza kupanda vile vilima vya mchanga, injini ikaanza kulia ka-ka-ka-ka, sauti kavu, yenye mpangilio, na moyo wangu ukafurahi kwa namna ambayo leo naionea haya, kwa sababu ndiyo sauti ya kengele ya mti tunayomfunga shingoni ngamia wa mbele, na mfugaji akiisikia kengele hiyo analala usingizi, anajua mifugo yake inatembea.

"Sikia, Dubow! Gari linaimba."

"Linaimba kweli," Dubow akasema. "Kumbe tumepakia kengele, sikujua."

"Awowe, huko ndiko kugonga tulikoambiwa," Abdi akasema. "Nipunguze mwendo?"

"Upunguze kwa nini? Kengele ikilia, msafara unaenda. Kanyaga!"

Akakanyaga, na kila nilipomwambia akanyage kengele ilizidi kulia na gari lilizidi kuishiwa nguvu, mpaka tukaingia Balambala tukijikokota, na mbele ya msikiti, wakati ule ule watu walipokuwa wakitoka kwenye sala ya Ijumaa, likatoa mlio kama wa sufuria kuanguka, likafuka moshi, likafa. Kondoo akaruka, kamba ikakatika, akakimbilia katikati ya waumini. Dubow, mzee mzima, akamfuata akiwa ameshika kikoi kwa mkono mmoja.

"Wazee, mmekuja kuposa au kuuza vyuma?" mtu mmoja akauliza, na uwanja mzima ukacheka.

Ningewaambia mambo yaliishia hapo, lakini Hodan angejua ninadanganya. Mchuuzi wa maji alituonea huruma akafungua punda wake wawili, wakafungwa mbele ya pikapu, Abdi akasukuma nyuma, na hivyo ndivyo tulivyoingia katika boma la Mzee Gedi kwa ile heshima niliyoikusudia: punda mbele, mimi nimekaa wima katikati ya moshi, na bwana harusi, ambaye hakupaswa kuonekana, amejaa mavumbi hadi kwenye kope, uso kwa uso na mama mkwe wake mlangoni. Yule mama akajifunika akaingia ndani. Chini ya kivuli, mikekani, wale wageni wengine walikuwa wamekwisha kuketi na chai mkononi.

Mzee Gedi akaja kunikumbatia, akasita.

"Ndugu yangu, ndevu zako zinanuka petroli."

Nisingeweza kukutana na mjuzi zaidi. Gedi analima vitunguu ukingoni mwa Tana kwa mashine ya petroli ya kuvuta maji. Akalifuata gari, akafungua tangi, akanusa.

"Lilikuwa likigonga njiani?"

"Lilikuwa likiimba," nikasema, na hata wageni wa mikekani wakacheka.

"Mashine yangu nayo iliimba kwa mafuta haya haya, kisha ikanyamaza na vitunguu vikakauka." Akageuka. "Nani aliyeyachagua?"

Abdi akainamisha kichwa. "Ni mimi, adeer," akasema, ndivyo kwetu anavyoitwa ami.

Nikaona uso wa Gedi unakunjamana. "Kijana asiyejua gari lake mwenyewe linakula nini," akasema polepole, "nitamkabidhi binti yangu amlishe nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Heshima yangu ingebaki, na Ifrah angekwenda kwa watu wa mikekani, na mjukuu wangu angelibeba kosa langu mpaka kaburini bila kunung'unika, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe nilivyomlea. Nikashuka garini.

"Amesema uongo," nikasema, kwa sauti ya sokoni ili wote wasikie, "na ni uongo wa kwanza ninaousikia kinywani mwake. Aliyechagua ni mimi. Dada yake alisoma kifuniko akaniambia la kutia, nami sikumsikiliza, kwa kuwa ni msichana, na kwa kuwa anajua kusoma nami sijui."

Hakuna aliyecheka. Kisha ikatoka sauti ya mama mkwe ndani ya nyumba.

"Na Ifrah wangu akiona kosa katika nyumba yenu, atasikilizwa na nani?"

"Na mimi, kuanzia leo," nikajibu. "Ushahidi wangu ni aibu hii, uwanja mzima umeiona."

Gedi akanishika mkono. "Nenda ukanawe ndevu," akasema, "halafu uje tuzungumze."

Tulipewa binti. Injini ilikuwa imetoboka ndani, nami nikamuuza ngamia wangu dume ili ifufuliwe, na sikumlilia. Hodan alinifundisha tisa na tano kwa kuzichora mchangani, na sasa nikifika kituoni huinama kwenye kifuniko, naweka kidole chini ya nambari, kisha naitafuta bombani. Kunusa nimeacha, isipokuwa samli.

Juzi tulikuwa njiani, Ifrah akainua kichwa. "Awowe, unasikia hiyo ka-ka-ka?"

Hakumaliza. Nilikuwa nimekwisha kumwamuru Abdi asimame, tukashuka wote, tukainua boneti, tukasikiliza. Ilikuwa fimbo ya Dubow ikigonga mlango. Wakanicheka mpaka wakakaa chini, nami nikawaacha wacheke.