Jongoo Ndani ya Kikapu cha Uyoga

Sifa na shukrani ni zake Mungu, aliyeumba hata vile ambavyo mimi, kiumbe chake, siwezi kuvitazama bila kutema mate.

Mvua zilipokolea nilitoka kwetu mjini, Mfaranyaki, kwenda kumtembelea wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayelima mahindi upande wa Hanga. Anaona kwa jicho la kulia tu. La kushoto lilizimika zamani. Asubuhi tuliingia msituni kuchuma uyoga. Huko wako jongoo wa rangi: weusi wanaong'aa kama wamepakwa mafuta, wana mistari ya njano, na miguu myekundu inatambaa chini ya tumbo kama kitu kinachochemka. Wengine walikuwa wamepandana juu ya magogo yaliyooza, wengine wamezama ndani ya uyoga wakiutafuna. Mmoja alipotambaa karibu na mguu wangu, niliruka kando.

"Wewe wa mjini! Jongoo haumi," wifi alinicheka. "Unaruka hivyo kwa umri huo, nyonga ikichomoka nani atakubeba?"

"Sikusema anauma. Ananuka!"

Alimbandua mmoja kwa ukucha. Yule mdudu akajikunja, na ubavuni, kila pingili ikatoa kijasho cha kahawia. Kilinuka kama dawa ya vidonda iliyomwagwa juu ya mzoga.

Uyoga hubebwa kichwani, kikapuni, umefunikwa majani. Wifi aliyazoa majani chini bila kuyakung'uta, akayashindilia, akajitwika. Njiani majimaji ya kikapu yalimdondokea usoni. Alidhani ni maji ya mvua, akapangusa huku akiimba. Mara akapiga yowe, akakitupa. Jongoo walikuwa wamepondeka humo, na maji yao yalikuwa yameingia katika jicho lile moja.

"Wifi, sioni! Sioni kabisa!"

Nilimlaza, nikamfungua kope kwa vidole, nikammiminia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo. Ute ule ulininata mikononi. Nikaenda pembeni kutapika, nikarudi, nikaendelea. Kisha nilimshika mkono mpaka zahanati, nikisali rozari kwa sauti ili asikie kitu kingine zaidi ya kilio chake. Muuguzi aliliosha jicho tena, akalifunga, akatuambia tusubiri.

Tulisubiri. Mikono yangu ilibaki na madoa kama ya zambarau zilizoiva. Sabuni haikuyatoa, na harufu ilinifuata mpaka kwenye ugali. Siku bandeji ilipofunguliwa, wifi alipepesa kope, akanikodolea jicho.

"Naona," alisema polepole. "Naona mikono michafu ya mwanamke wa mjini."

Tulilia wote wawili, tukamshukuru Mungu. Jongoo bado nawachukia, na naamini Muumba wao ananivumilia kwa hilo. Wewe unayesoma, Bwana ayalinde macho yako, na siku ya shida akupe mtu wa kukuosha uso bila kukukimbia.