Paswedi ya Mzee Mwinyimadi

Mzee Mwinyimadi wa Soga alikuwa mtu wa siri. Alitunza stoo ya kiwanda kimoja kule Zegereni mpaka akastaafu, na alitoka huko na sikio moja lililokufa kwa kelele za mashine, pamoja na imani kwamba kila binadamu ni mwizi ambaye hajakamatwa bado.

Alipoweka intaneti nyumbani, aliilinda paswedi yake kama wengine wanavyolinda hati za viwanja. Hata mkewe, Bi Mwamvita, hakuambiwa. Kila mgeni akiondoka, paswedi ilibadilishwa, hata kama mgeni mwenyewe alikuwa shehe mwenye simu ya kitochi aliyekuja kusoma dua.

Basi akanunua printa. Si kwamba alikuwa na mengi ya kuchapa. Alimchoka tu binti wa steshenari ya Mlandizi, aliyekuwa na tabia mbaya ya kusoma anachokichapa. Na safari hii jambo lilikuwa nyeti: tangazo la getini kuhusu kuku wa jirani yao Saida.

Printa ikawekwa juu ya meza ya sebuleni, ikawashwa, na kwenye kioo chake kidogo ikaomba kwa adabu paswedi ya waifai. Mzee akatabasamu, akaandika. Printa ikakataa. Akaandika tena kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, maana huenda haikusikia. Ikakataa.

"Ilikuwa ya wezi," alimwambia mkewe. "Nilianza na neno wezi, halafu nikawatisha."

"Ukawatisha vipi?"

"Hapo ndipo sikumbuki."

Wezimtakoma ikakataliwa. Wezimtalia nayo vilevile. Simu yake ilikuwa inaijua, lakini ilimwonyesha vidoti tu. Mzee alikuwa amepata mwenzake kwa usiri.

"Muulize Saida," alisema Bi Mwamvita, akichambua mchicha.

"Saida ataijulia wapi?"

"Baba Naila, kila ukiibadilisha unakaa dirishani unaitamka herufi moja moja, kwa sauti ya adhana. Mtaa mzima unaijua."

"Na wewe?"

"Mimi uliniambia hainihusu. Ukianza kuitamka, naenda zangu uani."

Bi Mwamvita hakusubiri ruhusa ya mzee. Akapaza sauti kuelekea ukuta wa jirani, akamwita Saida. Saida akaja na simu mkononi, video ya kupamba keki ikiendelea kucheza bila kukwama hata kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mzee, bila furaha yoyote.

"Ni Wezimtajuta, W kubwa, mwishoni saba mbili. Ila ile ya Ramadhani ilikuwa nzuri zaidi. Fupi."

Printa ikakubali. Kwa furaha mzee akabonyeza kuchapa kabla hajakumbuka anachapa nini. Karatasi ikatoka taratibu, kwa upande aliosimama Saida. Saida akaichukua, akasoma. Mzee akaanza kuchunguza dari kama fundi aliyeitwa kuikagua.

"Baba," alisema Saida, "marufuku inaandikwa kwa r. Hapa umeandika 'kuku wa jirani malufuku'."

"Ahsante, mwanangu."

"Na mimi nina tangazo langu la keki. Utanichapia?"

Angekataaje? Alimchapia, tena nakala nyingi kuliko alizoomba, kwa karatasi nzuri aliyokuwa ameiweka kwa shughuli za maana. Saida akashukuru sana, akaisifu na intaneti yake: tatizo lake ni jioni tu, inakuwa nzito.

"Tunakuwa wengi," alieleza.

Saida alipoondoka, mzee alirekebisha herufi, akachapa upya, akatoka na gundi. Alisimama getini kwa muda, akiangalia huku na huku. Kisha akalibandika tangazo lake upande wa ndani wa geti, mahali ambapo lingesomwa na yeye na Bi Mwamvita tu.