Sindano Bila Dawa

Mwanamke wa mji wa Baraka akisema anakwenda kuchomwa kwa Tantine, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanajua anakwenda nyuma ya soko, kwenye nyumba ya matofali ambayo Adolphine, ndiye huyo Tantine, ameigawa kwa pazia: mbele anasuka nywele, nyuma anatoboa nyuso. Wapo wanaocheka. "Sura ya kutoboa-toboa, kwani iko chungio?" Lakini wanaocheka nao huchungulia, na siku moja mmoja wao hurudi peke yake, mchana kweupe, akiuliza kama na makovu ya zamani yanakubali.

Adolphine ni mrefu, wa miaka arobaini na kitu, na huzungumza kwa sauti ya mtu aliyewahi kanisani kabla ya wengine. Alizaliwa Mboko. Vita vikamvusha Ziwa Tanganyika akiwa msichana, akakulia kambini upande wa Tanzania, akarudi akiwa mtu mzima na kusomea uuguzi Uvira. Mumewe alikwenda Misisi kutafuta dhahabu, na habari zake zikaja kwanza kwa wingi, halafu kwa uchache, halafu zikakoma. Adolphine hamsemi vibaya. Husema tu kwamba Misisi iko mbali, ingawa kila mtu anajua pikipiki huenda na kurudi.

Wodini, wenzake walipenda watoto wachanga. Yeye alipenda vidonda. Alipenda kufungua bandeji asubuhi na kukuta nyama imepanda kidogo kutoka chini, bila kuamrishwa na mtu. Alipokwenda Bujumbura kujifunza urembo wa ngozi na kuona kwa mara ya kwanza ile mashine ndogo kama kalamu nene, yenye kichwa cha sindano zinazoruka juu na chini, alielewa kabla hajaelezwa. Sindano zinatoboa kidogo tu. Ngozi inadhani imejeruhiwa, inaanza kufuma nyuzi mpya ndani yake, zile ambazo kwa Kifaransa alizisoma kwa jina la kolajeni, na shimo la zamani linajaa pole pole kutoka chini. Krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni, alisema, ni kupaka chokaa juu ya ufa. Hii ni kukandika udongo.

"Mi sifanyi kitu," huwaambia wateja. "Minabisha hodi tu. Mwenye nyumba njo anaamka na kujenga."

Ana masharti, na kwa masharti hayo amepoteza wateja wengi. Kwanza huomba kuona bega, pale palipochanjwa utotoni. Kovu la chanjo likiwa limevimba na kung'aa, humrudisha mtu nyumbani, kwa sababu ngozi ya namna hiyo ikibishiwa hodi hujenga kupita kiasi. Anayetumia krimu za kujichubua humwambia aziache kwanza, arudi baada ya miezi. Sindano za mtu mmoja hazimgusi mwingine.

Rosette alipokuja, bega lake lilikuwa safi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa haraka, mwenye macho mazuri na mashavu yaliyochimbwa na chunusi za ujana. Wanafunzi walimpa jina la Madame Misisi, kwa ajili ya mashimo ya barabara ya huko wakati wa mvua. Alilijua jina hilo. Alikuwa amejizoeza kufundisha akiwa ameuelekea ubao, na mwaka huo alipoombwa kusimama mbele ya wazazi kwa niaba ya walimu, alisema koo linamuuma.

"Nataka kitu moja tu, Tantine," alisema. "Nisimame, nibaangalie bantu."

Alikuja na mama yake, Mama Anastasie, muuza ndakala, dagaa wa ziwani, kutoka Mboko, ambaye alikaa kwenye benchi kando ya pazia, kikapu magotini, akasikiliza kila neno bila kuulizwa chochote. Adolphine alimwamkia kwa heshima, akampa kiti kizuri zaidi, ambacho alikikataa, kisha akamgeukia binti. Alimweleza yote kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa cha shule: tabaka za ngozi, kolajeni, muda wa kusubiri. Alisisitiza jambo moja. Usipake kitu. Usiguse. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, funika kichwa jua likiwaka, ngozi ifanye kazi yake.

Alipaka dawa ya ganzi, akangoja, akaanza. Kalamu ilinguruma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Vitone vidogo vya damu vilichomoza shavuni kama jasho, vikafutwa. Mama Anastasie alisimama, akaja kuangalia karibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Na dawa?"

"Haiko na dawa. Ngozi njo itajitengeneza."

Mama alitazama shavu la mwanawe, akamtazama Adolphine, kisha akatazama meza, kama mtu anayeamini chungu kipo mahali fulani na mwenyeji amesahau kukipakua. Walishika njia ya Mboko, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa.

Siku chache baadaye Rosette aliingia na kitambaa usoni. Alipokitoa, Adolphine aliweka chini kitana alichokuwa ameshika na kumwomba mteja wa nywele asubiri nje.

Shavu la kushoto lilikuwa jeusi. Haukuwa weusi wa ngozi. Ulikuwa weusi wa mkaa, umelala ndani ya kila kitundu, na ukingoni pamevimba na pana joto.

"Nani amekupaka?"

"Mama."

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema nisipake. Mi sikupaka." Rosette alijaribu kutabasamu, shavu likamkatalia. "Tulifika nyumbani sura inawaka moto. Mama akanilalisha kwa magoti yake, sawa vile tulikuwa batoto. Mukono yake ilikuwa baridi. Sikuuliza ni nini, Tantine. Nililala."

Adolphine hakuhitaji kuelezwa ni nini. Hakuna mtoto wa Mboko asiyekijua kikopo cha dawa ya mkaa. Mtu akiumwa kichwa, mgongo, au akiwa na mguu usiopona, huchanjwa kwa wembe, na papo hapo, damu ikichomoza, husuguliwa mkaa wa mizizi uliosagwa na kuchanganywa na mawese. Wembe hauponyi. Wembe unafungua. Kinachoponya ni kile kinachoingizwa. Yeye mwenyewe alikuwa na alama hizo kifuani, mistari miwili mifupi myeusi aliyowekwa na bibi yake kwa ajili ya kifua cha utotoni, na haikuwa imefifia hata kidogo tangu wakati huo.

Hilo ndilo lililomwogopesha. Uvimbe ungetibika. Lakini mkaa ukikaa chini ya ngozi hauondoki. Rosette alikuja na mashimo, na sasa angeweza kubaki na shavu la madoa meusi hadi uzeeni, mbele ya wazazi, mbele ya ubao, kila mahali.

"Itatoka?" Rosette aliuliza.

"Sijui," alisema Adolphine, kwa sababu hakujua.

Alichemsha maji yenye chumvi, akayapoza, akaanza kuosha kwa vipande vya shashi, bila kusugua. Alimpa vidonge vya kuzuia maambukizo, akamlaza chumba cha nyuma kwenye kitanda chake mwenyewe. Kila asubuhi aliosha. Kila jioni aliosha. Mteja wa nywele alikwenda kwa msusi mwingine, na maneno yakatangulia sokoni kwamba Tantine ameunguza mwalimu.

Mama Anastasie alifika na kikapu chake. Safari hii aliketi kwenye kiti kizuri, kikapu magotini.

"Bananiambia we unasema ni mi nilimuharibu," alisema.

"Sijasema hivyo kwa muntu, Mama."

"Basi sema sasa, niko hapa." Alikuwa ameshikilia mkono wa kikapu kwa nguvu. "Nilikaa kwa benchi yako. Nilisikia kwa maskio yangu: minabisha hodi. Bien. Unabisha hodi kwa nyumba ya muntu, anakufungulia, na we uko mikono mitupu? Kwetu hapana. Nilisema huyu ni mutoto ya Mboko lakini kambi ilimusahaulisha. Nikasema acha mi nimalize."

Adolphine alikaa kitako sakafuni karibu naye. Alikuwa na jibu tayari, la vijidudu na la usafi, jibu zuri alilolitoa mara nyingi wodini. Lilikaa mdomoni mwake, likapoa. Maelezo yote, na Kifaransa chake ndani, alikuwa amempa binti; mama alimpa kiti tu. Machoni pa mwanamke huyu, aliyemlea mtoto kwa kuuza ndakala hata kwenye mvua, Adolphine alikuwa amemchanja mwanawe shavu zima, akafuta damu, akasema nendeni.

"Mama," alisema, "ungeona mufumu ya dawa anachanja na anaacha wazi, ungesema nini?"

"Ningesema ni mulozi."

Adolphine alicheka kidogo, bila kutaka. Mama Anastasie naye akaonekana kutaka kucheka, akajizuia.

"Mi si mulozi. Lakini nilikosa kukuambia weye. Nilimwambia yeye tu. Sindano yangu haiingizi kitu. Dawa iko ndani ya mutoto tayari, ilizaliwa naye. Ile siku alianguka akakatika goti, likafunga lenyewe, ni nani aliifunga?"

"Mi nilipaka majani."

"Na pale ulipokosa kupaka?"

Mama alifikiri. "Pale nyuma ya kisigino," alikiri pole pole. "Alinificha. Nilikuta imekwisha kupona."

"Njo ile dawa."

Mama alifungua kikapu, akatoa ndakala na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaingia jikoni bila kuomba ruhusa. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyechemsha maji.

Joto lilipungua kwanza, kisha uvimbe. Ngozi ya juu ikakauka na kuanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na katika kila ganda, ukilishika kwenye mwanga wa dirisha, kulikuwa na nukta nyeusi zinazoondoka. Adolphine aliyakusanya maganda hayo kwenye kisahani na kuyahesabu kimoyomoyo kama mtu anayehesabu ndugu wanaoshuka kwenye boti. Si wote walioshuka. Mvua za mwanzo zilipoanza, shavu lilikuwa limerudi rangi yake, mashimo yakiwa yamepanda kidogo, kidogo mno kuonekana na asiyeyajua. Karibu na taya zilibaki nukta chache za buluu iliyokolea, ndani kabisa, zisizotoka tena.

Adolphine alimpa kioo na hakumpamba. "Hizi zitabaki. Bukavu wanaweza kuwa na mashine ya kuziondoa, mi sina."

Rosette alijitazama kwa muda mrefu, akageuza uso huku na huku.

"Na mashimo? Ukichoma tena yatapanda zaidi?"

"Yatapanda. Si yote."

"Basi choma."

Adolphine alichukua kioo. Alimtazama Mama Anastasie, aliyekuwa amesimama kwenye pazia. Mama hakumtazama mwanawe. Alitazama kalamu mezani.

"Mi nitakaa karibu," alisema. "Si kwa benchi."

Alipewa kigoda kando ya kitanda. Adolphine alimwonyesha kila kitu: sindano mpya zikitolewa kwenye karatasi yake, dawa ya ganzi, shashi. Kalamu iliponguruma Mama alishtuka, akashika mguu wa Rosette. Vitone vya damu vilichomoza, vikafutwa, na chumba kikanyamaza kwa namna ile ya mara ya kwanza, pale panapotakiwa kuja kitu.

Adolphine alifungua kichupa cha maji mazito, meupe kama ute wa yai, ambayo kwa wateja wengine hupaka mwenyewe mwishoni ili ngozi isikauke. Alimpa mama glavu.

"Hii si dawa, Mama, nisikudanganye. Ni ya kutuliza tu. Lakini haina kitu kibaya, na mukono wako ni baridi kuliko wangu."

Glavu zilikuwa ndefu kwa vidole vyake. Mama Anastasie alichukua tone, akalinusa.

"Haina hata harufu."

"Haina."

"Bazungu banachoka bure." Aliinama. Akaanza kwenye paji la uso, akashuka shavuni, akizunguka pole pole, akikwepa kukandamiza, akisema maneno madogo ya Kibembe ambayo Adolphine alikuwa hajayasikia tangu bibi yake afariki. Rosette alifumba macho. Nje mtu alibisha, mteja wa nywele, akauliza kama Tantine yupo.

Maji yale yalikwisha kunywewa na ngozi zamani, na vidole viliendelea kuzunguka. Adolphine alikaa akitazama, na hakumwambia kwamba inatosha.