Dada yangu anasema Mungu alikataa, kumbe ni seva yangu

Nina miaka ishirini na tisa, sijaoa, nafanya kazi ya kompyuta kwenye chuo kimoja cha uuguzi hapa Arua. Admin, nifiche vizuri, mji huu tunajuana.

Tovuti yetu ilikuwa na tabia mbaya. Siku ya kutoa majina ya waliochaguliwa kila mtu anaifungua, seva inazidiwa, inaanguka. Mwaka huu niliipanga upya: badala ya kutengeneza ukurasa upya kwa kila anayeuomba, itunze nakala moja kwenye kache, yaani ghala lake la muda, na kuwagawia wote hiyo hiyo. Nikaiambia ishike nakala wiki nzima. Siku ilipofika, saiti ilifunguka kabla hujapepesa macho. Bosi akanipiga bega: "Wewe iko fundi kweli! Leo saiti nakimbia." Nilivimba kichwa, sikatai.

Mdogo wangu wa kike, anayeishi kijijini Lurujo na mama, alikuwa ameomba nafasi. Jina lake halikuwemo. Kesho yake ofisi ikaongeza majina yaliyosahaulika, lakini seva ikaendelea kugawa orodha ya jana. Mimi sikuambiwa, wala sikuuliza. Siku ya tatu akanipigia.

"Kaka, watu iko nasema majina ingine imeongezwa. Mimi naangalia, yangu hapana iko. Angalia wewe."

Nikaangalia kwenye simu yangu. Nikamwambia hakuna, watu wanapenda uvumi.

Wiki mbili baadaye karani akalalamika kwamba wengi walioongezwa hawakuripoti ndani ya wiki waliyopewa, nafasi zao wamepewa wengine. Akaniwekea karatasi ya majina yao mezani. Dada yangu alikuwa wa nne. Sikulia. Nilimaliza chai, nikapunguza muda wa kache kuwa dakika tano, nikafunga ofisi. Tangu hapo sisikii uchungu wala aibu. Nakula kwa sababu ni saa ya kula.

Sasa chuo kinapokea maombi mapya, mwisho ni Ijumaa. Nilimsihi ajaribu tena. Akanijibu kwa upole: "Wacha tu, kaka. Mungu nakataa. Kazi yangu iko jembe." Mama naye anasema tusishindane na Mungu.

Nikimwambia ukweli ataomba, namjua. Lakini habari itafika chuoni, kazi itakwenda, na sijui kama ataniita kaka tena. Nikinyamaza, atamtii Mungu maisha yake yote kwa kosa langu.

Sitaki kufarijiwa, ndugu zangu. Niambieni tu nifanye nini. Leo ni Jumatano.