Lori Lenye Pumu

Nunow Kerrow alikuwa na wapenzi wawili, na mkewe Saado alijua fika kwamba yeye ni wa pili. Wa kwanza alikuwa na magurudumu kumi. Kila aliporudi Garissa kutoka Rhamu au Takaba, Nunow hakuzima injini. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa lori akanywa chai, injini ikiunguruma polepole, mpaka roho yake iridhike.

"Mimi unanizima neno moja tu nikifungua mdomo," Saado alimwambia, "lakini hilo lichuma unalibembeleza!"

"Wewe huna tabo," akamjibu.

Tabo ni kile kikonokono cha chuma ubavuni mwa injini, kinachoipulizia hewa ipate nguvu. Ndani mna panga linalozunguka kama lina mashetani, na kinacholipoza ni mafuta ya injini. Ukizima ghafla baada ya kazi ngumu, mafuta yanasimama, chuma cha moto kinayakaanga yawe lami, na tabo inakwenda ahera. Nyingine ilipatikana Nairobi, na kwa Msomali wa mwaka ule wa 1966, vita vya shifta vikiwaka na kila Msomali akishukiwa, Nairobi ilikuwa mbali kuliko Makka.

Basi wanajeshi wakamsimamisha njia ya Liboi. Lori lao limelala mchangani. Limebeba nini? Risasi? Dawa? Kreti za bia za mesi ya maafisa! Nunow, ambaye hata siki aliinusa kwanza, akafungiwa mnyororo nyuma ya lori lake, akaambiwa avute. Asubuhi ni adui wa taifa, adhuhuri ni punda wa taifa. Akavuta mchanga wote ule, injini ikilia, mpaka kwenye kizuizi cha kuingilia Garissa.

"Warya! Zima gari!" akafoka koplo wa kizuizi, kijana wa bara ambaye Kisomali chake chote kilikuwa neno hilo moja, na alilitumia kama anafukuza mbwa.

"Afande, ngojea kidogo."

"Kila gari hapa linazimwa! Amri!"

"Wallahi siwezi, afande. Lina bumu."

Alikusudia pumu. Lori linahema, liachwe lipate pumzi. Lakini ulimi wa Nunow na herufi P hawajawahi kusalimiana. Koplo alisikia bomu.

Kizuizi kizima kikatoweka. Askari mmoja aliingia kichaka cha miiba akakiachia nusu ya kaptura. Koplo alilala kifudifudi nyuma ya magunia ya mchanga, akisali kwa lugha ya mama yake. Nunow hakuelewa kitu, ila alishukuru. Akaketi kwenye ngazi yake, lori likaunguruma polepole, likapoa kuliko siku zote. Ndipo akazima.

Ukimya ule ukawafufua mashujaa.

"Bomu liko wapi?"

"Bomu gani, afande? Nimesema bumu." Akajishika kifua, akahema kuwaonyesha.

"Sema pumu!"

"Bumu."

Kofi.

"Pu-mu!"

"Bu-mu."

Kofi lingine. Watu wenye bunduki wakimfundisha alfabeti kwa viganja mtu wa rika la baba zao, huku nyuma yao bia aliyowaletea inashushwa, salama salimini, hata chupa moja haikupasuka! Wakamtupa ndani ya boma la seng'enge pamoja na ngamia waliotekwa. Lori likachukuliwa kwa usalama wa taifa. Ngamia nao, nadhani, walikuwa na mipango yao ya kuipindua serikali.

Kesho yake alilisikia kabla hajaliona. Dereva wa jeshi alikuwa akilitumia kuvuta lile lile lori bovu la jeshi kulipeleka kambini, injini ikilia mchangani. Nunow akaishika seng'enge kwa mikono mitupu.

"Msizime! Liacheni liboe kwanza! Liboe!"

"Anasema nini huyo?"

"Eti liboe!"

Wakacheka. Dereva akazima. Katika ukimya Nunow alisikia tabo ikizunguka peke yake, kavu, ikikwaruza, kisha ikanyamaza.

Baada ya siku chache koplo alikuja kwenye seng'enge, ukali wote umemwisha.

"Mzee, lori lako linakohoa moshi wa buluu. Halivuti hata toroli. Hebu tuambie, lina nini?"

Nunow aliishika tena seng'enge kwa viganja vyenye vidonda vya miiba yake. Kisha akajibu kwa sauti ya kusikika Liboi:

"Bumu!"

Safari hii hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.