Ng'ombe Wetu Lokwang na Wazee Waliomla

Harufu ya matumbo yakichemka hunipandisha hasira mpaka leo. Hapa Kanamkemer, pembeni mwa Lodwar, nyuma ya duka langu la vifaa vya ujenzi, kuna mama anayeuza supu ya matumbo asubuhi. Sufuria yake huanza kutokota kabla sijafungua mlango, na upepo wa kwetu hauna adabu, unaileta harufu moja kwa moja puani. Mama wa watu hana kosa. Supu yake ni nzuri, vijana wa boda boda wanaifuata kutoka mjini. Lakini mimi nikiivuta harufu ile nakunja uso, na mteja wa kwanza wa misumari anadhani nimemkasirikia yeye.

Mwaka huu wa 2013 hasira imezidi. Serikali ya kaunti imekuja, kila mtu anataka jina jipya na fulana mpya, na vijana wa kamati ya timu yetu ya mpira wakaniita mkutanoni. Mwenyekiti wao, kijana mpole mwenye simu mbili, akanisalimu kwa Kiturkana, akaniambia, "Ejok, mzee. Tumeonelea tubadilishe jina la timu. Hii ya Matumbo si poa. Tukienda kuomba msaada ofisini wanatucheka."

Nikamuuliza, "Wewe unajua lilitoka wapi?"

"Si mlikuwa mnapenda kula, mzee?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Basi nawaambia ninyi, maana wao hawakuwa na muda wa kunisikiliza. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kalamu najua kuishika, na mdomo wangu haujawahi kukaa njaa ya maneno.

Nilipokuwa mtoto, kambi ya wakimbizi haikuwapo Kakuma. Kulikuwa na misheni, kituo cha polisi, na safu ya maduka yenye mabati ya kutu. Lodwar yenyewe ilikuwa ndogo. Tulichunga mbuzi kando ya mto Turkwel na mpira tukacheza mchangani, bila viatu au na akala za tairi. Timu haikuwa na jina. Mpira ulikuwa mmoja, wa ngozi, tuliletewa na mwalimu aliyetoka Kenya. Ndivyo tulivyosema: mtu akishapita Kitale, ameenda Kenya. Jua liliipasua ngozi ya ule mpira, kwa hiyo kila jioni tuliupaka mafuta ya mkia wa kondoo, na mbwa wa mtaa mzima wakawa mashabiki wetu wa kwanza. Mechi nyingi zilisimama kwa sababu mbwa ameondoka na mpira, na timu mbili zinamfukuza kwa umoja ambao sijauona tena katika nchi hii.

Siku moja mwalimu akatangaza kwamba tutakwenda kucheza na vijana wa Kakuma, na kwamba yeye na mfanyabiashara mmoja wa huko wametoa ng'ombe dume. "Mshindi atamchukua," akasema. Maneno mawili tu, na kichwa cha kila mtoto kikawaka moto.

Ninyi mnaosoma kutoka mbali, mjue jambo moja. Kwetu kijana huwa na dume lake analolipenda kuliko vitu vyote. Hulichezesha, hulitungia wimbo, huitwa kwa jina lake, na akicheza ngoma huinua mikono juu ikakaa kama pembe za ng'ombe huyo. Sisi tulikuwa watoto, hakuna aliyekuwa na dume. Ewoi, golikipa wetu, mrefu kama mlingoti wa mawasiliano na mwenye amri kuliko mwalimu, ndiye aliyelisema: "Tukishinda, hachinjwi. Anakuja Lodwar kwa miguu yake. Anakuwa ng'ombe wa timu, na timu inaitwa jina lake."

Mmoja wetu alikuwa amemwona ng'ombe huyo alipokwenda Kakuma na baba yake. Mweupe mwili mzima, pembe zimeinama mbele. Basi akawa Lokwang, mweupe. Tulimtungia wimbo kabla hatujamwona. Tukaimba tukichota maji, tukaimba tukifukuza mbuzi, mpaka mama yangu akaniambia, "Mnaimbia ng'ombe wa watu. Haya."

Kakuma tulifika juu ya lori la misheni, vumbi limetufanya sote wazee. Lokwang alikuwa amefungwa kwenye mti kando ya uwanja. Alikuwa mzuri kuliko tulivyoambiwa. Watu walikaa kumtazama yeye, mpira waliusikia tu. Milango ilikuwa miti miwili na kamba juu, na uwanja ulikuwa na mawe ambayo vijana wa Kakuma waliyajua kwa majina. Walitufunga mapema. Tukasawazisha. Ewoi alizuia mikwaju mpaka kifua kikachubuka, na kila akidaka anageuka kumwangalia Lokwang, kama vile anamwambia, usiogope, tuko.

Goli la pili nilifunga mimi. Sitaki kujivuna, lakini mtu asiyejivunia lake atajivunia la nani? Beki wao alijikwaa kwenye jiwe lake mwenyewe, nikapita kushoto, nikapiga, kamba ikatikisika. Nikainua mikono juu, nikaiinamisha mbele kama pembe za Lokwang. Wenzangu wakafanya vivyo hivyo, wote kumi. Siku hizi naona vijana wakifunga wanateleza kwa magoti kama wa kwenye televisheni. Sisi tulikuwa na letu.

Filimbi ya mwisho ikalia. Tukaanza wimbo, tukaelekea kwenye mti. Tulikuwa bado tunaimba mkuki ulipoingia.

Hakuna aliyetuuliza. Mzee mmoja wa Kakuma, Apa Lokuruka, yaani Baba Lokuruka, alinyoosha fimbo tu, na kijana mmoja akachoma mkuki. Lokwang akapiga magoti. Ewoi akapiga kelele, akamkimbilia mwalimu, akamvuta shati. Mwalimu akasimama na filimbi mdomoni. Alikuwa amefikiri kwamba kutoa ng'ombe ni kama kutoa kikombe.

Wazee wakaketi nusu duara, Mawe upande wao na Chui upande wao. Kwetu kila mwanamume ni wa Mawe au wa Chui, kinyume cha baba yake, na nyama huliwa kwa mpango huo. Wazee wa Kakuma walioshindwa walikula. Wazee wa Lodwar tuliokuja nao kwenye lori moja, nao walikula. Baba yangu pia. Sisi mabingwa, kwa kuwa tulikuwa bado hatujaingizwa utu uzima, hatukuwa na mahali pa kukaa. Tuliletewa matumbo kwenye sufuria, tukaambiwa tukae kule kwa watoto.

Ewoi akamwambia Apa Lokuruka mbele ya watu, "Apa, huyu alikuwa wetu."

Mzee hakuacha kutafuna. "Ana alama ya nani masikioni?"

"Ya timu."

"Timu ni mtu? Baba yake nani?"

Wazee wakacheka, mafuta yakiwatiririka kwenye videvu. Matumbo yale tuliyala. Njaa haina heshima.

Nyumbani mama akauliza, "Ng'ombe yuko wapi?" Nikamwambia tumeletewa matumbo tu. Kesho yake mji mzima ulijua. Kakuma walipokuja kwetu mechi ya marudiano walianza kuimba kabla hawajashuka kwenye lori: Matumbo, Matumbo. Tukawafunga. Msimu mwingine wakatufunga wao, wakaimba zaidi. Tukashinda mechi nyingi baada ya hapo kwa hasira tu, bila mbinu yoyote, na jina tulilotukanwa tukalishika wenyewe, kwa sababu lile letu lilikuwa limeliwa.

Nilipoingizwa utu uzima, nilipochoma mkuki dume langu mwenyewe na kupata haki ya kukaa na wazee, nilimtafuta Apa Lokuruka. Alikuwa kipofu tayari. Nikamuuliza kwa nini alimchinja Lokwang.

"Wewe ni wa upande gani?" akauliza.

"Chui."

"Na yule golikipa mwenye mdomo?"

"Mawe."

"Na ukame ungekuja, ng'ombe angechungwa na nani? Angeibiwa, nani angefuata nyayo? Angekufa, ngozi ingeenda nyumba gani? Niliona koo nyingi pale zikingojea kupigana kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Nikamla siku hiyo hiyo."

Nilimwona mwongo mwenye tumbo. Niliondoka bila kuaga.

Mwaka jana, 2012, tulimzika Ewoi. Waliobaki wa timu walikuja wote, Mawe na Chui, mmoja kutoka Kataboi na samaki wakavu mkononi, mwingine akishikwa mkono na mjukuu. Kabla udongo haujatulia, ugomvi ukaanza.

"Nundu ya Lokwang aliila Lokuruka," mmoja akasema.

"Mwongo wewe. Nundu aliila yule mzee mwenye kovu."

"Nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwa wapi, Ulaya?"

Mjane wa Ewoi akatuambia tunyamaze, hatuna aibu sisi wazee. Tukaanza tena kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndugu wa tumbo moja nimewaona wakitoana damu kwa ng'ombe mmoja. Sisi tungegawana Lokwang kwenye ukame wa kwanza, na leo tusingesalimiana. Tulibaki pamoja mpaka kaburini kwa sababu kile tulichonyang'anywa hakuna aliyeweza kuchukua sehemu yake akaenda zake. Mzee aliona mbali, nakubali.

Lakini alipaswa kutuuliza.