Uzi Mwekundu kwenye Bawa la Nyuma

Shangazi yangu alisomea ushonaji, lakini kazi inayomlisha ni kubandika vipande vya uzi kwenye gari la mashindano. Usicheke. Upepo hauonekani, na karakana yetu haina chumba cha kuupimia kama walivyo nacho matajiri. Kwa hiyo yeye hubandika nyuzi ubavuni na kwenye bawa la nyuma, gari linakimbizwa, kamera inapiga picha. Uzi ukilala, upepo unapita vizuri na kuligandamiza gari chini. Uzi ukicheza, upepo umevurugika hapo, na gari linaweza kumponyoka dereva kwenye kona. Dereva wetu ni mwanawe wa pekee.

Kabla ya msimu huu, wapinzani walionyesha magari yao mapya, na yote yalikuwa na mbavu zilizobonyea kwa chini, kama watu waliovuta pumzi na kukaza mkanda. Mhandisi wetu alibandika picha zao ukutani, akashinda akizitazama, kisha akaamuru na sisi tubonyeze mbavu. Shangazi alinong'ona, "Mwiga tembo," akaishia hapo, maana sote tunajua tembo anafanya nini na mwigaji anapasuka wapi.

Mbavu mpya zilikula nyuzi nyingi, zile nyembamba zikamwishia kabla hajafika kwenye bawa. Huku watu wanamharakisha. Kikapuni mwake mlikuwa na uzi mwekundu wa sufu, aliokuwa akimfumia mwanawe sweta. Akaukata, akamalizia nao. Gari likakimbizwa, lakini si kwa kasi yote, na picha zikaja: nyuzi za kwenye bawa zimelala kama watoto walioshiba. Mhandisi alipiga makofi. Mimi, fundi wa matairi, nilikumbatiwa hata na mtu nisiyempenda. Ikaamuliwa kesho yake gari lijaribiwe kwa kasi yote.

Asubuhi hiyo shangazi alikaa mlangoni mwa karakana ya uwanjani, anafuma kutuliza moyo. Upepo ukaingia. Vipande vya uzi mwembamba vilivyobaki mezani vikapeperuka hadi sakafuni. Uzi mwekundu uliokuwa unaning'inia kwenye sindano zake ulitikisika kidogo tu, ukatulia. Sindano zikasimama. Nilidhani presha imempanda.

"Huu haulali kwa sababu upepo umetulia," aliniambia. "Unalala kwa sababu ni mzito. Nimemdanganya mwanangu."

Nje injini ilikuwa tayari inanguruma. Kabla sijageuka, yeye, mwenye magoti mabovu, alishafika mbele ya gari na kuweka viganja vyote viwili juu ya pua ya hilo gari. Injini ikazimwa. Mhandisi alikuja amefura, akamsikiliza, akanywea. Alisema taratibu kwamba labda hata nyuzi nyembamba zingelala. Labda. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililotutisha kuliko yote.

Binamu yangu alivua kofia yake ngumu. Nilitarajia amkaripie mama yake kwa kumwaibisha mbele ya watu. Badala yake alibaki kwenye kiti, uso umemparara.

"Jana kwenye kona ndefu nilihisi nyuma inaelea," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Nilikwenda kuangalia picha, mama. Nikaona nyuzi zako zimelala. Nikajua ni woga wangu tu. Leo nilipanga nisitoe mguu kwenye mafuta pale."

Mimi nilikuwa nimeshika spana, na sijui niliitaka ya nini.

Shangazi hakulia. Alizunguka hadi nyuma ya gari, akainama aubandue uzi wa kwanza, lakini kucha zikashindwa kupata ncha ya utepe wa gundi ulioushikilia. Binamu yangu alishuka, akapiga magoti kando yake, akawa anabandua yeye. Kila uzi alioutoa alimkabidhi mama yake, naye aliufumbata ngumini, akakataa kuuachia hata nilipomletea ndoo ya taka.